Agosti ya Tukuyu

Kikosi cha Yanga kilichotwaa ubingwa wa msimu wa 2015/16 wengi hukikumbuka kwa mabao ya Amissi Tambwe, kwa nguvu za Donald Ngoma na kwa pasi za Thabani Kamusoko. Mimi hukikumbuka kwanza kwa Agosti ya 2015, kilipokuwa kambini Tukuyu na ligi bado haijaanza. Hapakuwa na pointi za kugombea. Palikuwa na baridi, ukungu wa asubuhi, vilima vya Rungwe kila upande, na Mholanzi Hans van der Pluijm mwenye kazi ya kuwachosha watu kwa kipimo.

Kuchosha watu kwa kipimo ndio ufundi wenyewe wa maandalizi ya msimu, na sisi mashabiki huupita haraka. Julai na Agosti masikio yetu yako kwenye usajili: nani katua uwanja wa ndege, nani kasaini, nani kaachwa. Wakati huo kocha anahangaika na kitu kisichopigika picha. Anaichukua misuli iliyotoka likizo, anaipa kazi kubwa kuliko iliyoizoea, inaumia kidogo kwa ndani, kisha anaiacha ipumzike ijijenge na kuwa imara kuliko jana. Akiirudisha kazini mapema mno, mchezaji anachanika nyama za paja. Akichelewa, ile faida ndogo iliyopatikana inayeyuka. Na kila mwili una siku zake za kupona. Beki aliyevuka miaka 30 hapumziki kama winga wa miaka 20, na kipa anachoka kwa njia nyingine kabisa, kwa kuruka na kuanguka. Watu ishirini na kitu wanafanya zoezi moja, kwenye uwanja mmoja, na kocha anatakiwa kujua kila mmoja amebakiza nini.

Nimependa siku zote kutazama mazoezi ya timu kuliko wengi wa wenzangu, na nilichojifunza ni kumtazama kocha badala ya mpira. Kocha anayeijua kazi hii haangalii raundi ya kwanza ya mbio; kwenye raundi ya kwanza kila mtu ni hodari. Anasubiri ya nne, ya tano. Anaangalia nani ameshika magoti, nani anapumua kwa mdomo, nani amenyamaza wakati kawaida yake ni kupiga kelele. Kisha anautupa mpira katikati na kuangalia miguu. Mchezaji akichoka, kitu cha kwanza kumkimbia ni ule mguso wa kwanza: mguu unakakamaa, mpira unaomfikia unadunda hatua mbili mbele yake badala ya kutulia. Mbio zake bado zipo, nguvu bado anayo, lakini mguso umeshaondoka. Hapo kocha anapuliza filimbi na kuwapa maji, au anawaongezea dakika tano nyingine. Uamuzi huo mdogo, unaorudiwa asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, ndio unaokuja kuonekana Februari wakati wapinzani wameanza kuburuza miguu.

Kazi hii haikubali haraka. Wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, karibu na Matema, hawapeleki chungu motoni mpaka kikauke taratibu, kwa sababu kikiwa na unyevu hupasuka; na moto wa timu ya mpira huwashwa siku ya kwanza ya ligi.

Ni vizuri kukumbuka Yanga walipanda Tukuyu wakiwa katika hali gani. Mwezi Julai walikuwa wenyeji kwenye Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam, wakakutana na Azam kwenye robo fainali. Dakika 90 ziliisha bila bao, wakatolewa kwa penalti, na Azam wakaenda kulichukua kombe bila kufungwa hata bao moja katika mashindano yote. Wana Jangwani, mashabiki wa Yanga, tuliumia. Tarehe 22 Agosti timu hizohizo zilikuwa zikutane tena kwenye Ngao ya Jamii. Kati ya mechi hizo mbili palikuwa na wiki tatu na siku chache tu, na ndani ya muda huo Pluijm alikuwa na mambo mawili ya kufanya kwa pamoja: kuponya timu iliyotoka kupoteza, na kuwaunganisha wageni na wenyeji.

Kwa nini Tukuyu? Mji uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na wengi hufikiri siri ya nyanda za juu ni hewa nyepesi peke yake. Sidhani. Wanariadha wanaotafuta damu yenye kubeba hewa zaidi hupanda juu kuliko hapo, kama Iten kule Kenya, iliyo karibu mita 2,400, na hukaa huko kwa muda mrefu. Kwa kimo cha Tukuyu na kambi fupi, damu haibadiliki sana. Faida kubwa naiona kwenye baridi. Dar es Salaam, hata katika miezi yake ya nafuu, mchezaji anatumia sehemu ya nguvu zake kujipoza tu. Jasho linamtoka kabla zoezi halijaiva, na kocha analazimika kukatisha mapema au kuwaamsha watu alfajiri. Rungwe mwezi Agosti unaweza kufanya kazi saa nne asubuhi na mwili ukakubali. Moyo unapanda kwa sababu ya mbio, haupandi kwa sababu ya joto. Dakika ambazo Pwani zingepotea kivulini, huku zinakuwa za mazoezi.

Halafu kuna usingizi. Usiku wa Agosti huko unakaribia nyuzi joto 10, na mtu aliyekimbia vilima mara mbili kwa siku, akalala chini ya blanketi zito, hahitaji kuambiwa afunge macho. Misuli hujijenga usingizini. Kocha anaweza kupanga kila kitu, lakini kama kambi iko mahali pa joto, kelele na wageni wanaobisha hodi hadi usiku, nusu ya kazi yake inamwagika. Na chakula: ndizi za Rungwe, maharage, maziwa, parachichi, wali wa Kyela unaofika kutoka bondeni. Mpishi wa kambi akiwa Rungwe hatafuti mbali.

Nataka kumtaja pia mtunza vifaa, maana hakuna anayemwandika. Kwenye ukungu na manyunyu ya Tukuyu jezi haikauki. Unafua jioni, asubuhi bado ina unyevu. Timu inayofanya mazoezi mara mbili kwa siku inahitaji seti kadhaa za jezi za mazoezi, na mtu mwenye akili ya kuzianika ndani, kamba chumbani, madirisha wazi mchana, kufungwa jioni. Soksi zenye unyevu zinaleta malengelenge, lengelenge moja kisiginoni linamweka winga nje siku tatu, na siku tatu za Agosti ni nyingi. Daluga nazo: uwanja ukiloa, meno mafupi ya plastiki yanateleza, na beki anayeteleza kwenye kugeuka anaumia goti. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla wachezaji hawajanywa chai, kuna mtu ameshakwenda kukanyaga nyasi na kurudi kusema leo tuvae zipi. Ubingwa una watu wengi ndani yake.

Kilima cha Tukuyu kilishawahi kushusha mabingwa wake chenyewe. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, wakiwa wametoka kupanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ligi ya juu, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wao wa kwanza. Timu ya mji mdogo wa wilaya, uliozungukwa na migomba na chai, iliwaacha nyuma Simba na Yanga. Wazee wa Rungwe bado wanausimulia mwaka huo na macho yao yanabadilika. Sishangai kwamba timu kama ile iliweza kukimbia. Mtu aliyekulia Rungwe anapanda na kushuka tangu utoto: shuleni ni mlima, sokoni ni mlima, kuchota maji ni mlima. Mpira wake anauchezea kwenye uwanja unaoloa karibu mwaka mzima, kwa kuwa wilaya hiyo ni miongoni mwa zenye mvua nyingi zaidi nchini, na mpira uliolowa unafundisha kupiga kwa usahihi. Maandalizi ambayo wengine wanayafuata kwa basi, wao walikuwa wanaishi nayo. Kutoka kwenye udongo huo alikuja Sekilojo Chambua, aliyeanzia Tukuyu Stars na kuja kuwa kiungo mkubwa wa Yanga miaka ya 1990. Kwa hiyo Yanga walipofika mwaka 2015 walikuwa wanakwenda mahali palipokwisha kuwapa mtu.

Na mwaka huo Nyanda za Juu ziliwapa wengine. Deus Kaseke alikuwa ametoka kusajiliwa kutoka Mbeya City. Geofrey Mwashiuya, winga kijana, alitoka Kimondo ya Mbozi. Kwa hao wawili, kambi ya Tukuyu ilikuwa kama kurudi nyumbani wakiwa wamevaa jezi nyingine. Mbeya City alikotoka Kaseke yenyewe ilikuwa kazi nzuri ya maandalizi: ilipanda daraja mwaka 2013, na chini ya Juma Mwambusi ikamaliza msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Mwambusi alikuwa ameichonga timu ya vijana wasio na majina hadi kila mmoja akajua mwenzake atakuwa wapi bila kutazama. Msimu huo wa 2015/16 ukiwa umeshaanza, naye alihamia Yanga kuwa msaidizi wa Pluijm.

Nirudi kwenye kuunganisha, maana baada ya pumzi, hiyo ndiyo sehemu ngumu. Ngoma na Kamusoko walikuwa wapya, wote kutoka FC Platinum ya Zimbabwe. Hao wawili walifahamiana. Lakini Kamusoko alitakiwa akae pamoja na Haruna Niyonzima, Mnyarwanda anayependa mpira mguuni, na Ngoma akae pamoja na Tambwe, Mrundi ambaye mpira mguuni haumhusu sana. Yeye anataka uje kichwani au kwenye unyayo, hatua tano kutoka langoni. Ukiwaweka viungo wawili wanaopenda kugeuka na mpira katikati ya uwanja, mmoja lazima ajifunze kubaki. Ukiwaweka washambuliaji wawili, mmoja lazima ajifunze kuondoka. Ngoma aliondoka. Alikuwa akienda pembeni, anambeba beki mmoja mgongoni, anarudi na mpira au anauacha kwa winga, na beki wa pili akishasogea kumsaidia mwenzake, Tambwe anabaki na mtu mmoja. Hayo hayasemwi ubaoni mara moja yakaeleweka. Yanarudiwa. Juma Abdul anapanda upande wa kulia, anapiga krosi. Tambwe anakimbia nguzo ya karibu, Ngoma ya mbali, kiungo mmoja anasimama ukingoni mwa boksi kuokota utakaorudi. Kocha anasimamisha. Hatua mbili kushoto. Tena. Krosi ya thelathini, watu wamechoka, na hiyo ya thelathini ndiyo yenye thamani, kwa sababu dakika ya 85 ya mechi halisi itafanana nayo.

Mechi za kirafiki nazo zina ufundi wake, na za kambi ile ninazipenda kwa mpangilio wake. Yanga walicheza na Kimondo, timu iliyokuwa chini ya Ligi Kuu. Wakacheza na Prisons, timu ya askari magereza yenye miguu migumu, ambayo haimwachii mtu nafasi ya kupumua. Wakacheza na Mbeya City, waliojua kuutembeza mpira. Kila mpinzani anauliza swali lake. Wa daraja la chini anakuonyesha kama unaweza kuifungua timu inayojilinda kwa watu wote. Prisons wanakuuliza kama mwili wako uko tayari kwa Septemba. Mbeya City wanakuuliza kama viungo wako wanaweza kuutafuta mpira wasipokuwa nao. Kwa kawaida kocha hugawa dakika pia: mechi ya kwanza vikosi viwili, kila kimoja kipindi kimoja, baadaye dakika 60 kwa wale anaowafikiria, mwisho karibu mechi nzima. Kwa shabiki wa Mbeya aliyelipa kiingilio kumwona Niyonzima, kumtoa mapema ni dhuluma. Lakini ratiba ya misuli haisikilizi makelele ya jukwaani, na kocha anayesimama imara kwenye hilo namheshimu.

Halafu yakaja majibu. Tarehe 22 Agosti, Uwanja wa Taifa, Yanga na Azam walimaliza tena bila kufungana, wakaenda tena kwenye penalti, na safari hii Yanga wakashinda 8-7. Penalti za namna hiyo zinapigwa na watu ambao si wapigaji, mabeki na viungo wakabaji, miguu ikiwa imechoka. Ligi ilipoanza Septemba walishinda 2-0 dhidi ya Coastal Union, kisha 3-0 dhidi ya Prisons, kisha 4-1 dhidi ya JKT Ruvu, na tarehe 26 wakaifunga Simba 2-0 kwa mabao ya Tambwe na Malimi Busungu. Mechi nne, mabao 11. Timu nyingi mwezi wa kwanza wa ligi bado zinatafuta pumzi, hii ilikwishaipata.

Iringa inanifundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili, ule wa mwenyeji. Timu inayosafiri kwa basi kutoka Pwani inapita Mikumi, inafuata Mto Ruaha Mkuu, inapanda Kitonga taratibu lori moja baada ya jingine, na inafika mjini kwenye baridi ikiwa na miguu iliyojikunja kwa zaidi ya saa nane. Mwaka 2019 Yanga walikuja Uwanja wa Samora kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na Lipuli chini ya Selemani Matola wakawafunga 2-0. Niliumia kama shabiki yeyote wa Yanga. Hata hivyo ilikuwa kazi nzuri, na lazima niiseme. Lipuli hawakuwa na fedha za kununua mshambuliaji wa Zimbabwe; walikuwa na kikosi kilichoandaliwa kikaandalika, kilichojua uwanja wake, baridi yake na kimo chake. Walikwenda hadi fainali Lindi, wakafungwa na Azam 1-0. Mwaka uliofuata walishuka daraja, na ni hasara ambayo Iringa haikustahili.

Msimu wa Yanga uliendelea vile ulivyoanza. Katika mechi 30 za ligi walipoteza moja tu, Tanga kwa Coastal Union, wakamaliza na pointi 73, tisa mbele ya Azam. Tambwe alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora. Lakini ninayoyapima mimi ni yale ya Aprili na Mei, wakati ratiba ilipowabana kutoka kila upande. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika walitoka sare 1-1 na Al Ahly Dar es Salaam, wakaenda Misri na kushikilia 1-1 mpaka dakika za nyongeza, wakafungwa la pili mwishoni kabisa. Wakaangukia Kombe la Shirikisho Afrika, wakaitoa Sagrada Esperança ya Angola na kuingia hatua ya makundi. Walikuwa wamesafiri, wamecheza katikati ya wiki na mwisho wa wiki, na bado Mei 25 walipokutana na Azam kwenye fainali ya Kombe la FA waliwafunga 3-1. Tambwe alifunga mawili. La tatu lilifungwa na Kaseke, kijana aliyetoka Mbeya City, katika kipindi cha pili cha mechi ya mwisho ya msimu mrefu wa nyumbani, bado anakimbia.

Siku hizi klabu zetu kubwa zinapanda ndege. Simba wameweka kambi Misri na Uturuki. Yanga mwaka 2024 walikwenda Afrika Kusini, wakaifunga Kaizer Chiefs 4-0 kwao. Naelewa. Kule kuna wapinzani wakubwa, gym kamili, nyasi zinazofanana na za mechi za Afrika. Sina ugomvi na wiki za mwisho za maandalizi kufanyika huko. Lakini zile mbili za mwanzo, za kuchosha na kulaza, hazihitaji pasipoti. Zinahitaji baridi, vilima, utulivu na chakula, na hivyo vyote viko Tukuyu, viko Iringa, viko Mufindi kwenye chai na misonobari. Halmashauri ya Rungwe au ya Iringa ikitengeneza uwanja wa mazoezi wenye nyasi zilizosawazishwa, mifereji inayotoa maji ya mvua, chumba cha vyuma, maji ya moto ya uhakika, na chumba kikubwa chenye kamba na moto wa kukaushia jezi, nina hakika Julai zitakuja timu. Mpishi na vilima viko tayari.